Mwani Wenye Kibali

Mwezi wa kwanza niliufukuza kwa sumaku,
wa pili kwa mswaki wa meno,
wa tatu kwa dawa ya chupa
iliyoua konokono wawili na kuuacha mwani ukinicheka.
Kila nikirudi Holderness kutoka kiwanda cha mikate,
vidole bado vinanuka hamira,
naukuta umetanda kioo kizima
kama ndio unaolipa kodi.
Na ndani, kangaja wangu wa manjano
amekuwa fununu tu.

Bwana Ogle wa ghorofa ya chini, fundi bomba mstaafu,
alitazama, akanywa chai yangu yote, ndipo akasema:
"Unamfukuza mgeni asiye na pa kwenda.
Mpe chumba chake."

Basi. Ndoo ya mayonezi kutoka kantini,
niliyoisugua siku tatu na bado ilinuka saladi.
Kipande cha bomba jeupe, tukalichana mfereji
mwembamba, unene wa kisu cha siagi.
Taa nyekundu ya kuoteshea miche, pauni kumi na moja.
Na wavu. Hapo kwenye wavu ndipo palipokuwa na maneno.

Wavu ulikuwa wa Zuwena,
ule wa plastiki wa kufumia, matundu kama ya chekeche.
Alishaanza pembeni waridi la uzi mwekundu,
petali mbili na nusu.
Sikuuliza. Niliukwaruza kwa msumeno pande zote
mpaka ukawa ulimi wa paka,
maana mwani haushiki penye utelezi.
Waridi tu nililiruka.
Siku mbili chakula kikawekwa mezani bila neno.
Ya tatu akasema: "Mume wangu, umeoa ndoo."

Usiku wa kwanza maji yalijimwaga juu ya wavu
kama shuka lililoanikwa lisilotaka kukauka.
Bwana Ogle akapanda na karai, akidhani dari inavuja.
Akasikiliza.
"Mfereji wako umepinda," akasema, akarudi kulala.

Wiki moja: ute wa kahawia.
Mbili: nyuzi, ndevu za kijana anayejitazama sana.
Tatu: zulia.

Taa ya ndoo huwaka ya tangi ikizimwa.
Saa nne usiku, nafunga kamba za viatu,
wekundu unachungulia kabatini:
mwenzangu naye anaingia zamu.
Yeye na mavi ya samaki, mimi na unga wa watu.
Barua yangu ya ukaazi iko mezani kwa mtu fulani, Sheffield,
mwezi wa kumi na nne sasa.
Yeye nilimpa kibali kwa msumeno na gundi,
mchana mmoja, mvua ikinyesha.

Jumapili tunavuna.
Nasriya, miaka tisa, hukwangua kwa kadi ya benki iliyokufa.
"Usifike kwenye ngozi," namwambia, "uache mbegu."
Kisha anapima maji: matone kumi, tikisa,
hesabu dakika tano bila kudanganya.
Mwezi wa Novemba kichupa kilikuwa chekundu kama sharubati.
Leo ni njano, ya kangaja mwenyewe,
ambaye sasa namwona hadi mwiba wa mkiani,
na jinsi anavyonidharau.

Kioo ni safi. Sijakigusa tangu Krismasi.
Zuwena huja na bakuli, huchota konzi mbili za kijani,
husuuza chumvi mara nne,
hufukia kwenye vyungu vya nyanya dirishani.
Hasemi kitu. Nami siulizi.

Ila Jumapili iliyopita kadi ilipopita pembeni,
chini ya zulia likachomoza waridi,
petali mbili na nusu, jekundu vilevile.
Nasriya akanyamaza. Mimi nikaitazama ndoo.
Zuwena akainama, akaupitisha ukucha juu ya uzi,
taratibu, kama anayesoma.
"Miezi mitano majini," akasema,
"na haujachuja."